Nondo na ndege wa kisiwa kimoja, nani ako pabaya zaidi? Naomba msaada kabla ya Ijumaa

mwalimu_wa_klabu
Kisumu

Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu na nasimamia klabu ya wanyamapori shuleni, watoto thelathini na kitu wa kidato cha pili na cha tatu. Ijumaa tuko na maonyesho, tumepewa meza moja na bango moja, na mada ni viumbe walio hatarini duniani. Nilisema tusirudie faru na ndovu ju kila shule italeta faru na ndovu, tukaamua kwenda mbali, kisiwa cha Maui huko Hawaii.

Watoto walishachagua ndege. Anaitwa kiwikiu, kadogo ka kijani na njano, mdomo kama wa kasuku. Wamechora mpaka rangi zikaisha. Sasa jana nikidhani tumemaliza, msichana mmoja wa kidato cha pili, hao wa kuketi nyuma na hawaongei, akainua mkono akaniuliza, "Mwalimu, na nondo?" Nikamuuliza nondo gani. Akasema kisiwa hicho hicho kuna nondo mkubwa anaitwa Blackburn's sphinx, na yeye pia ako kwa orodha ya serikali ya Marekani ya walio karibu kwisha, mbona hawekwi kwa bango. Darasa lote likacheka. Kijana mmoja akasema nondo ni wa kupigwa na slipa.

Niliwanyamazisha lakini ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Sasa nauliza hapa, ukiwaweka hao wawili kando kwa kando, nani ako pabaya zaidi? Na unalinganisha aje, ndege unaweza kumsikia ukamhesabu, nondo anatoka usiku na maisha yake mengi ako chini ya udongo. Wenye wanajua mniambie kama vile mnamwambia mtoto, nisiende kuaibika Ijumaa.

---

togo_na_maji
Kisumu, upande wa Dunga

Mwalimu salamu. Mimi napeleka wageni kwa mashua kuangalia ndege kwa mafunjo hapa Dunga kwa hivyo niachie upande wa ndege, wanaojua nondo watakuja.

Kiwikiu shida yake kubwa, na hapa watu wa Kisumu wataelewa haraka kuliko Mzungu yeyote, ni malaria. Si mzaha. Hawaii haikuwa na mbu kabisa mpaka watu wa meli wakawaleta, inasemekana ni 1826 pale Lahaina, hiyo hiyo Maui, kwa mitungi ya maji ya meli. Ndege wa huko walikuwa wameishi maelfu na maelfu ya miaka bila kuumwa na mbu hata siku moja, so miili yao haikujua huyu adui ni nani. Baadaye malaria ya ndege ikaingia na hapo ndo ikawa kilio, wakaanza kufa kutoka chini kwenda juu. Wale waliobaki ni wale wa milimani kwenye baridi, ju kwa baridi mbu hazaani vizuri na kale kadudu ka malaria hakakui haraka ndani yake.

Sasa fikiria hivi. Ukiwa hapa Kisumu uko mita 1,100 na kitu juu ya bahari. Kiwikiu sai anaishi juu ya hapo, mteremko mmoja wenye mvua wa mlima Haleakalā, na ukimshusha tu kidogo ameisha. Ni kama vile wazee wa Nandi Hills walikuwa wanasema malaria ni ugonjwa wa watu wa ziwa, alafu miaka ya themanini na tisini ikawapandia huko huko juu watu wakashangaa. Joto likipanda mbu naye anapanda. Sisi tukiona hivyo tunaweka neti na tunameza dawa. Kiwikiu anapanda, anapanda, alafu msitu unaisha. Hana pahali pengine pa kupanda.

Wamebaki kama 150 hivi ama chini ya hapo. Na si ndege wa kuzaa haraka, kwa kawaida yai ni moja tu, na mtoto anakaa na mama miezi mingi akifunzwa kutafuta chakula. Mwaka wa 2019 wataalamu walijaribu kuwahamishia upande ule mwingine wa mlima, pahali panaitwa Nakula, penye walikuwa wamepanda miti upya. Karibu wote wakafa kwa malaria ndani ya wiki chache. Miaka ya kupanda miti, alafu mbu mmoja.

Kwangu mimi ndege ndo ako pabaya, sioni hata mjadala.

---

kijana_wa_nyalenda

@togo_na_maji swali ya ujinga, hao mbu wa Hawaii si wangezuiwa na neti pia haha. Lakini serious, ni hawa hawa wetu?

---

togo_na_maji

Si ujinga. Wale wanaoleta malaria yetu ni Anopheles, wale wa kuinua mkia wakiuma. Mbu wa kiwikiu ni Culex, na huyo unamjua vizuri sana, ni yule wa mitaro michafu anayekuimbia sikioni saa nane usiku pale Nyalenda. Kwetu hasa ni kelele na kujikuna, kule ndo muuaji. Na malaria ya ndege haishiki watu kwa hivyo mtu asianze kuogopa kuku.

---

shangazi_wa_shamba
Kakamega

Nimesoma nikasema ngoja nimalize kuchuma mboga nije nijibu. Mwalimu, huyo msichana wako mpe kiti cha mbele.

Mimi nalima managu, sisi tunaita lisutsa, Waluo wanaita osuga. Msimu wa mvua nikipita asubuhi na jembe nakuta kiwavi mmoja mnono kama kidole gumba, mwenye pembe mkiani, ametafuna tawi zima na kinyesi kimeanguka chini kama pilipili manga. Nikilima naye nakuta pupa kwa udongo, hudhurungi, laini, inang'aa kama kokwa ya loquat, ukiishika inatingisha mkia. Wengi wanakanyaga. Hao ni watoto wa nondo wakubwa, na wa huku kwetu hawako hatarini, wako wengi kushinda hata mboga. Kuna mmoja ana alama kama fuvu mgongoni, huyo huingia kwa mzinga kuiba asali, na ukimshika ANALIA. Analia kabisa, kama panya amebanwa na mlango. Mara ya kwanza nilimtupa na mzinga nikauacha wazi, nyuki wakanifuata mpaka jikoni.

Sasa huyo Blackburn's sphinx ni wa ukoo huo huo wa nondo, na watoto wake wanakula mimea ya jamii hiyo hiyo ya managu, nyanya na tumbaku. Mti wake wa asili huko unaitwa ʻaiea. Na hapa ndo hadithi yake iko, mwalimu, si kwa mabawa. Nondo mwenyewe ni mkubwa, mabawa yakifunguka ni kama sentimita kumi na mbili, kijivu, na ubavuni ana madoa ya rangi ya chungwa tano tano kila upande. Ndiye mdudu mkubwa kuliko wote wa asili wa Hawaii. Lakini mtoto wake hali kila jani. Ukimnyima ule mti wake umemmaliza, hata kama kisiwa chote ni kijani kibichi.

Na miti ya ʻaiea iliisha aje? Misitu ya kule chini kwenye ukame ilifyekwa ikawa malisho, ikachomwa, alafu mbuzi. Hawaii haikuwa na mbuzi. Walioleta ng'ombe na mbuzi wakawaachilia, na mbuzi mnamjua, mche ukitoka tu ameshaumaliza. Mti mzee unazeeka unakufa na hakuna mtoto wa kuchukua nafasi. Juu ya hiyo kuna sisimizi wa kigeni wanaokula mayai, na vile vinyigu vidogo vilivyoletwa na watu wa kilimo kupambana na wadudu wa mazao, vikaona na kiwavi huyu ni wadudu tu, vikamtagia mayai pia. Mwisho wa miaka ya sabini watu walishasema amekwisha. Wakamwona tena 1984, Maui.

Alafu sikiza tarehe. Kiwikiu aliingia kwa orodha ya Marekani 1967. Nondo 2000. Miaka thelathini na tatu katikati. Na alikuwa mdudu wa kwanza wa Hawaii kuwekwa hapo. Wa kwanza! Hiyo miaka yote si ati alikuwa salama, ni vile hakuna mtu anaamka alfajiri kusikiliza nondo.

---

jamaa_wa_molo
Nakuru

Shangazi ameua. Mimi niongeze tu la kuhesabu ju mwalimu aliuliza na naona tumelipita.

Huku juu Mau Narok na Molo tuko na ndege wetu anaitwa Sharpe's longclaw, hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, kifua njano, ukucha wa nyuma mrefu. Ako hatarini. Huyu tunamhesabu aje? Watu wanajipanga mstari kwa nyasi, mnatembea pamoja, anaruka mnaandika. Namba inatoka. Si kamili lakini inatoka. Na kila mwaka shamba moja likilimwa ngano ama viazi unaona namba imeshuka, ju yeye anataka nyasi fupi yenye vishungi, si nyasi yoyote, ukipiga trekta mara moja hiyo nyasi hairudi leo wala kesho. Mimi babu yangu alilima hizo nyasi kwa hivyo sinyoshei mtu kidole.

Nondo huwezi. Mwaka wa mvua anatoka wengi, mwaka wa ukame anakaa chini ya udongo. Huyo wa Hawaii nilisoma pupa yake inaweza kukaa chini hata mwaka mzima ikingoja. So ukienda na tochi ukakosa, je ameisha ama amelala? Ndo maana kwa nondo hauhesabu nondo. Unahesabu mti wake, unageuza majani, unahesabu viwavi na majani yaliyotafunwa. Swali la "wamebaki wangapi" ni swali la ndege, mwalimu. Ukimlazimisha nondo kulijibu ataonekana hana shida.

---

mwalimu_wa_klabu

Asanteni sana, hata sijui nianzie wapi. Nimemsomea huyo msichana jibu la shangazi leo mchana, alitabasamu tu, lakini wale wa slipa sai wanataka kwenda kutafuta huyo nondo anayelia.

Lakini sasa nimepata utata mwingine. Nimeona mahali kwamba nondo huyo siku hizi watoto wake wanakula sana mtumbaku-pori, ule mti wa kigeni kutoka Amerika Kusini, majani ya kijivu na maua ya njano marefu, unaota kando ya barabara na kwenye viwanja vya ujenzi. Sasa huo si gugu? Kwa klabu tunawafunza kila siku mimea vamizi ni mbaya, tumeng'oa lantana hadi mikono ikachubuka, alafu nije niwaambie kuna gugu linaokoa nondo?

---

shangazi_wa_shamba

Ndiyo mwambie hivyo hivyo. Ni gugu na linamlisha. Ule mti wake wa asili ukiwa haba, mama nondo akipita usiku anatafuta tu harufu ya jamii ile, akaipata kwa mtumbaku-pori, akataga. Watoto wakakula wakapona. Wengi wanaoonekana leo wanaonekana huko kwa gugu. Kwa hivyo huko ukitaka kufyeka kiwanja chenye huo mti lazima kwanza uangalie kila jani, ju ukikata na kiwavi ako juu umeua mnyama analindwa na sheria, na udongo wa chini pia usichimbe ovyo, pupa ziko hapo.

Lakini usifurahi sana. Huo mti unaota leo, mwaka ujao kiwanja kimejengwa duka. Ni kama mtu amefukuzwa shamba la babake anakaa kwa nyumba ya kukodi. Analala vizuri, sikatai, lakini mwenye nyumba anaweza kuja asubuhi.

Na hapo ndo naona tofauti yao, mimi mkulima tu lakini wacha niseme. Nondo amekosa mti. Mti unaweza kupandwa, ukaweka seng'enge mbuzi wasiingie, ukangoja. Kiwikiu hakukosa mti, huo msitu wake uko. Amekosa hewa isiyo na mbu, na hiyo huwezi kuipanda kwa kopo.

---

kijana_wa_nyalenda

Shangazi kwa hivyo ndege ndo ako pabaya? Ama?

---

shangazi_wa_shamba

Wiki hii, ndege. Ukiniuliza nani alisahauliwa, ni yule mwingine. Ni maswali mawili hayo, msiyachanganye kwa sufuria moja.

---

togo_na_maji

Nakubali na shangazi ingawa roho inauma ju nilisema hakuna mjadala.

Mwalimu kuna kitu cha kuongeza kwa bango, watoto watapenda. Dawa ya hao mbu wa Maui ni mbu wengine. Kuanzia Novemba 2023 wanamwaga mbu dume kwa helikopta juu ya msitu, na siku hizi hata droni zinatumika. Dume haumi, anakunywa tu maji matamu ya maua. Hao madume wanabeba bakteria inaitwa Wolbachia ya aina tofauti na ile ya majike wa kule, so wakipandana mayai hayaanguliwi. Wakimwaga wengi, tena na tena, kizazi kinapungua bila sumu hata tone. Ndege mwingine, ʻakikiki wa kisiwa cha Kauaʻi, huko msituni amebaki wa kuhesabu na vidole, kwa hivyo ni mbio kabisa. Oktoba 2023 serikali yao ilitoa viumbe 21 kwa orodha, si kwa sababu wamepona, kwa sababu wameisha. Nane walikuwa ndege wa misitu ya Hawaii, wengi wao wa ukoo huo wa kiwikiu.

Na huku kwetu pia si ati tumelala. Watu wa icipe, wale watafiti wa wadudu ambao wana kituo pale Mbita, mwaka wa 2020 walitangaza kitu kinaitwa Microsporidia MB, kimelea kinaishi ndani ya Anopheles bila kumuumiza lakini kinazuia malaria kukua ndani yake. Walikipata kwa mbu wa hapa Kenya. Kwa hivyo mtoto akiuliza "hii ya Hawaii inatuhusu nini" jibu liko ng'ambo ya maji tu.

Lingine, la mwisho. Jana asubuhi nilikuwa na wageni kwa mafunjo tukasikia gonoleki, yule mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa njano. Dume anaita na jike anajibu kwa haraka mpaka unadhani ni mmoja. Mgeni akauliza wanakula nini. Nikamwonyesha, dume alikuwa ameshika kitu mdomoni, kirefu, kijani, kinajinyonganyonga. Kiwavi. Na kiwikiu naye ndo hivyo, ule mdomo wa kasuku ni wa kupasua kijiti kavu kama mtu anapasua muwa, atoe viwavi ndani, wa mbawakawa na wa nondo. Si huyo Blackburn, huyo anaishi kule chini kwenye ukame na hawakutani. Lakini nondo wengine. Kwa hivyo watoto wakichora ndege bila nondo wamechora mtu bila sahani.

---

jamaa_wa_molo

Hiyo ya sahani naiba.

---

mwalimu_wa_klabu

Tumeamua hivi. Bango litakuwa na mlima mmoja katikati, Haleakalā. Juu kabisa kiwikiu, chini upande wa ukame nondo na mtumbaku-pori wake, na mbu anapanda na mbuzi anashuka. Ule msichana ndiye atasimama kuongea, amekubali bora asishike maikrofoni. Kijana wa slipa amepewa kazi ya kuchora yale madoa kumi ya chungwa na amelalamika rangi ya chungwa iliisha kwa mdomo wa ndege. Mdomo wa kiwikiu si wa chungwa kwanza, nimemwambia, sijui walitoa wapi.

Shangazi, kama si usumbufu, ile pupa ya kokwa ya loquat, unaweza kunihifadhia moja tuiweke kwa meza? Nitatuma mtu Alhamisi.

---

shangazi_wa_shamba

Ziko mbili kwa kopo la blue band tangu asubuhi, nimeweka udongo na nimetoboa kifuniko. Atakayekuja asiiweke kwa buti ya gari kwa jua. Na muwaambie wasiitingishe tingishe, inaweza kutoka Ijumaa yenyewe, na ikitoka usiku iwekewe kijiti ipande ikaushe mabawa, la sivyo yatabaki yamekunjika. Ikiwa ni yule wa fuvu mtamsikia kabla hamjamwona.